Je, Leta Imjengee Nyumba Mtu Asiyestahili?



Kati ya matendo saba ya huruma ya kimwili, ambayo mwayasema kwa moyo bila kukosea, limo moja ambalo nimeona wengi hulipita upesi, kama mtu avukaye kijito juu ya gogo. Ndilo hili: kuwapokea wasio na makao. Tukisema juu ya kuwalisha wenye njaa, kila mtu afahamu. Tukisema juu ya kuwazika wafu, kila mtu afahamu pia, kwa maana hakuna kijiji katika Yahuma yote kisichojua kuchimba kaburi. Bali tukimfikia mtu asiye na makao, husemwa hivi: "Mwalimu, mtu wa namna hiyo kwetu hayupo. Huyo ni wa mijini na wa nchi za Wazungu. Kwetu kila mtu ana ukoo, na ukoo una nyumba."

Kama ingekuwa kweli, ningemshukuru Mungu na kufunga kitabu. Lakini tutazame pamoja. Yuko mjane aliyefukuzwa katika lupango la marehemu mumewe kabla matanga hayajaisha. Akarudi kwa kaka zake, nao wakamwambia kwamba mahali pake palikwenda pamoja na mahari. Huyo ana koo mbili, wala hana nyumba hata moja. Yuko mzee ambaye vifo vya watoto vimewekwa juu ya kichwa chake, vijana wakachoma nyumba yake kwa kusema kwamba ni mlozi. Na aliyeshika kijinga cha moto alikuwa mwana wa ndugu yake. Yuko mtoto wa kambo ambaye mwombaji fulani alisema ana ulozi tumboni, naye sasa alala chini ya meza za soko. Watu wa kwao wajua mahali alipo, wala hawamwiti. Tena yuko mgonjwa wa akili atembeaye njiani na mzigo wa matambara, ambaye sote twamjua kwa jina la utani, lakini jina lake la kweli limesahauliwa. Hawa wote walikuwa na ukoo. Basi neno lile, "kwetu hayupo", ni pazia tu la kufunika macho.

Wapo pia wale ambao vita viliwanyang'anya nyumba. Mjini Kisangani, tangu tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana kwa mizinga katikati ya watu, na nyumba nyingi zikabomoka. Tena mnamo Februari 2023 ndugu zetu Wambole na Walengola walianza kupigana upande wa Lubunga kwa ajili ya ardhi, na maelfu ya watu wakaacha vijiji vyao, wengi wakitafuta kimbilio mjini. Mtu aliyefukuzwa na vita huhurumiwa na kila mtu, angalau katika miezi ya kwanza. Juu yake hakuna swali gumu.

Swali gumu aliniuliza mkatekumeni mmoja, mtu mzima, mwenye watoto na shamba zuri la mpunga. Alisema: "Mwalimu, yupo mtu aliyeuza mabati ya nyumba yake akanywa lotoko. Mke akaenda zake, mvua ikaangusha kuta, naye leo alala barazani kwa watu. Je, ni haki Leta ichukue faranga za kodi, tunazolipa sisi tuamkao alfajiri kwenda shambani, imjengee huyo nyumba ya pili?"

Swali hili si la mtu mchoyo. Ni swali la haki, na machozi hayatoshi kulijibu. Twende polepole.

Kwanza, sheria yasemaje? Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yasema katika kifungu cha 48 kwamba haki ya kupata nyumba inayofaa imewekewa ahadi. Kifungu cha 49 chawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Kifungu cha 41 chakataza kumtupa mtoto na kumsingizia ulozi. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, yamwekea mwenye kumsingizia mtoto ulozi kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Haya yote ni mema, nami nawasihi muyajue, kwa sababu wako watu wadhanio kwamba kumfukuza mtoto "mlozi" ni shauri la nyumbani, halimhusu hakimu. Hata hivyo maneno ya sheria hayaezeki paa. Twaijua Leta yetu: barabara ya kutoka kwetu kwenda Kisangani yatosha kutufundisha saburi. Lakini hatuulizi hapa kama Leta inafanya. Twauliza kama yapaswa kufanya. Mtu asiyejua anachodai hawezi hata kulalamika vizuri.

Eklezya nayo yasemaje? Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris, alihesabu makao pamoja na chakula, mavazi na matibabu kati ya mambo ambayo kila mtu ana haki nayo kwa sababu ni mtu. Mwaka 1987, ambao Umoja wa Mataifa uliuweka kuwa mwaka wa wasio na makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka ambao kichwa chake ni swali: tumemfanyia nini ndugu yetu asiye na nyumba? Waraka ule wafundisha kwamba mtu akosaye nyumba inayofaa, pasipo kosa lake mwenyewe, ametendewa dhuluma.

Pasipo kosa lake! Hapo ndipo rafiki yangu wa shamba la mpunga aliponikamata. "Haya," akasema, "na mwenye kosa je?"

Fikirini hospitali. Mgema apanda mchikichi akiwa amekwisha kuonja sana kazi ya mikono yake. Aanguka, avunjika mguu. Wamchukua kwa machela hata zahanati. Je, mwuguzi amwambie, "Rudi kwanza uwe mtu wa kiasi, ndipo nitakufunga mguu"? La. Amfunga mguu kwanza, kisha amwonya, tena amwonya kwa maneno makali kama ni mwuguzi mwema. Fikirini tena boloko. Mwuaji aliyehukumiwa na hakimu hulala chini ya paa la Leta, hata kama paa hilo ni bovu, wala hakuna asemaye kwamba alazwe mvuani kwa sababu hastahili. Ikiwa mwenye damu mikononi hanyimwi paa, yule aliyejidhuru mwenyewe kwa lotoko tutamnyimaje? Sababu ni moja katika mambo yote mawili. Dhambi yaondoa neema rohoni, lakini haimwondolei mtu sura ya Mungu aliyoumbwa nayo. Heshima ya ubinadamu hatukuipata kwa kustahili, hivyo haiwezi kupotea kwa kutostahili.

Nasema hivi bila kumtetea mlevi. Aliyeuza mabati amemkosea mkewe, amewakosea watoto, amemkosea Mungu, naye ana deni la kutubu na kurudisha. Lakini kutubu ni kazi ya mtu mwenye akili tulivu, na mtu alalaye kila usiku mahali pengine, akilinda viatu vyake visiibwe, hana utulivu huo. Anaulizwa kwanza abadilike ndipo apewe mlango, naye ahitaji mlango ili apate kubadilika.

Tusome tena mfano wa Msamaria mwema katika sura ya 10 ya Injili ya Mt. Luka. Twaujua sana, na kwa sababu hiyo hatuuoni tena. Yule Msamaria hakumwuliza aliyejeruhiwa kwa nini alisafiri peke yake katika njia ijulikanayo kuwa ya wanyang'anyi. Alimfunga jeraha. Je, akaishia hapo? Alimpandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha katika nyumba ya wageni. Na asubuhi yake alifanya jambo ambalo wahubiri wengi hawalikazii: alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba, akamwagiza amtunze, akaahidi kwamba gharama zikizidi atalipa atakaporudi. Tazameni vitu vilivyomo: mahali penye paa, mtu wa kumtunza mgonjwa kila siku, fedha ya kumlipa huyo mtunzaji, na ahadi kwamba fedha haitakatika katikati ya safari. Kama Msamaria angaliacha dinari mbili mkononi mwa majeruhi, akaenda zake, wanyang'anyi wangalimvizia mara ya pili. Kama angalimwacha katika chumba kitupu, angalikufa chumbani badala ya kufa njiani.

Namna hii ya nyumba pamoja na mtunzaji ndiyo inayosemwa leo katika nchi nyingi kwa wale ambao wamekaa nje miaka mingi. Hapo zamani waliwekwa katika mabweni ya usiku mmoja, wakaambiwa wapande ngazi: acha pombe, kisha upate kitanda, tii amri, kisha upate chumba, mwishoni labda nyumba. Wengi walianguka katika ngazi ya kwanza. Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia aitwaye Sam Tsemberis na wenzake walianza kugeuza utaratibu huo: nyumba kwanza, kisha wauguzi na wasaidizi wamtembelee mwenye nyumba, naye achangie sehemu ya kodi kwa kadiri ya mapato yake. Finlandi, nchi ya baridi kali ya kaskazini mwa Ulaya, Serikali ilishika njia hiyo tangu mwaka 2008. Katika mji wake wa Helsinki, bweni kubwa la Jeshi la Wokovu liligeuzwa kuwa nyumba ndogo-ndogo, kila moja na mlango wake na ufunguo wake. Katika miaka ya 1980 wasio na makao katika nchi ile walizidi 15,000; kufika mwaka 2022 walikuwa chini ya 4,000.

Kanada nayo ilijaribu jambo hili kwa uangalifu mkubwa, tangu mwaka 2009 hata mwaka 2013, katika miji mitano, kwa watu wapatao 2,000 waliokuwa wagonjwa wa akili wasio na makao. Baadhi walipewa nyumba bila sharti la kuacha pombe, wengine wakaachwa katika msaada wa kawaida. Waliopewa nyumba walidumu nyumbani kuliko wenzao. Lakini haifai nifiche upande wa pili: katika ulevi hawakupona zaidi kuliko wale wengine. Nilipomwambia hivyo, yule rafiki yangu alicheka. "Unaona!" akasema. Nami namjibu: naona. Paa haliponyi ulevi, kama vile chandarua hakiponyi njaa. Chandarua huzuia mbu, basi; na paa huzuia mvua, mwizi na fedheha. Ulevi wahitaji dawa nyingine, na rafiki, na sala, na miaka. Afadhali ahitaji hayo akiwa ndani.

Sasa lile neno la pili: kwa nini Leta? Kwa nini siyo ukoo, au misioni?

Mwaka 1931 Papa Pius XI, katika barua yake Quadragesimo Anno, alifundisha kwamba kazi ambayo mdogo aweza kuifanya, mkubwa asimnyang'anye. Lakini kazi impitayo mdogo nguvu, mkubwa hana budi kumsaidia. Sisi watu wa msitu twalijua jambo hili kwa mtumbwi. Mtu achongaye mtumbwi huko msituni hufanya kazi na mwanawe. Siku ya kuuburuza hata mtoni huita kijiji, na wanakijiji hawaji kumnyang'anya shoka. Waja kuvuta kamba. Hivyo mjane akifukuzwa, wa kwanza kuulizwa ni kaka zake. Wakishindwa au wakikataa, jumuiya ya Wakristu na chefu wa kijiji. Lakini mgonjwa wa akili ahitajiye dawa kila mwezi, au watoto mia waliotupwa sokoni, hawabebeki kwa mikono ya ukoo mmoja. Hapo Leta ivute kamba, wala isitwambie kwamba mtumbwi ni wetu.

Wala Eklezya haijapata kuona haya kupokea mkono wa Serikali katika kazi hii. Katika karne ya 4 Mt. Basili wa Kaisarea alijenga nje ya mji wake makao makubwa ya maskini, wagonjwa na wakoma. Na yasimuliwa kwamba Kaisari Valens, ambaye hawakupatana katika imani, alitoa ardhi kwa ajili ya maskini wale. Mwaka 1952 Mama Teresa alipotaka mahali pa kuwalaza watu waliokuwa wakifa barabarani mjini Calcutta, wakuu wa mji ndio waliompa jengo. Masista wakaleta mikono na moyo. Na karibu nasi, kisiwani Unguja, wakati wa utawala wa Waingereza, misioni ya Kikatoliki iliendesha makao ya maskini huko Walezo, na Serikali ikatoa ruzuku. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali ya Zanzibar iliishika kazi hiyo yenyewe, nayo ina makao ya wazee Welezo na Sebleni. Tena tangu Aprili 2016 ilianza kuwalipa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70, awali shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama waliwahi kuwa na kazi ya mshahara, wala kama walikuwa watu wema. Zanzibar si nchi tajiri. Nalisema hili kwa wale wanaodhani kwamba mambo ya namna hii ni ya nchi zenye theluji tu.

Katika Kenya Serikali iliweka mwaka 2003 mfuko maalum wa kuwasaidia watu wa barabarani, na mwaka 2018 ikawahesabu, ikapata watu 46,639. Kuhesabu si kujenga. Lakini nani amjengea mtu ambaye hakumhesabu? Katika Yahuma sijui mtu aliyewahi kumwandika yule mwenye mzigo wa matambara katika kitabu chochote.

Nirudi kidogo Kisangani. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa, huko La Haye, iliiamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa asili uliochukuliwa. Mfuko wa kugawa fidia hizo, uitwao FRIVAO, umewekwa Kisangani. Fedha hizo ni haki, si sadaka, na mtu asiwapunguzie waliopigwa hata faranga moja. Lakini fikirini: bibi kizee asiyejua kusoma, ambaye nyumba yake ilianguka mwaka 2000, apewe dola mkononi siku moja. Ndugu waliokuwa wamempotea miaka ishirini watamkumbuka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo hata palipo na haki tupu, isiyo na shaka wala swali la kustahili, zile dinari mbili hutafuta mwenye nyumba wa kuzishika kwa uaminifu, yaani mtu anayejulikana na atakayeulizwa hesabu.

Na je, watu hawatakuwa wavivu, wakijua kwamba Leta hujenga? Swali hili laulizwa na kila mtu mwenye jembe. Sijamwona bado mtu aliyeacha nyumba yake nzuri na watoto wake akalale sokoni miaka mitano ili apewe chumba kimoja. Walaghai watakuwapo, kwa sababu walikuwapo hata kati ya wale Mitume kumi na wawili, na mmoja wao ndiye aliyeshika mfuko. Bwana wetu hakuvunja mfuko kwa sababu yake. Maskini waliendelea kupewa.

Kuhusu kodi ya rafiki yangu, nilimwambia hivi. Kodi si sadaka yako, wala haikufanyi mfadhili wa mlevi. Ni sehemu yako katika kamba ya kuvutia mtumbwi wa wote. Kwa kodi ile ile hujengwa shule ya mtoto wako, na hulipwa hakimu atakayekutetea siku utakapoitwa wewe mlozi. Maana wazee wengi waliochomewa nyumba walikuwa, miaka michache kabla, watu wenye mashamba mazuri. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza jambo la kazi, nami nikalipenda kuliko yote aliyouliza: "Basi, tukitaka kumjengea yule mama mzee aliye barazani kwa katekista wa ng'ambo, kabla Leta haijafika, tuanzie wapi?"

Miti ipo, udongo upo, ndele za kuezekea vijana waweza kuzishona kwa siku mbili. Haya si magumu. Gumu ni ardhi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ni ya Leta, lakini kijijini yagawanywa na wazee wa ukoo, na nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja cha ukoo hufuata ukoo. Mkimjengea huyo mama nyumba nyuma ya jikoni la mpwa wake, siku ya kifo cha kwanza au ya ugomvi wa kwanza atakuwa nje tena, na kazi yenu itakuwa jikoni la pili la mpwa. Kabla hamjachimba shimo la nguzo ya kwanza, nendeni kwa chefu pamoja na wazee wa pande zote mbili, wa mume na wa kuzaliwa. Wapime kwa hatua, wapande miti ya mpaka, na karani aandike jina la mama mwenyewe, siyo la mpwa, wala la misioni. Mashahidi watie alama zao. Karatasi moja ikae kwa chefu, moja katika sanduku la parokia, na moja apewe yeye, ingawa hajui kusoma.